Mshumaa wa Chamazi nusura uharibu kichenipati!

Wiki hii twende Chamazi. Ukifika Mbagala Rangi Tatu, dandia daladala nyingine. Safari hii hatuendi Azam Complex kuangalia mpira, tunaenda kibandani kwa dogo mmoja wa stesheneri.

Dogo huyu anatoa fotokopi, picha za pasipoti na kadi za shughuli. Siku hizi akina mama wanataka kadi ya kurusha WhatsApp, tena iwe "inacheza cheza". Basi akapewa kazi ya kichenipati: jina la bibi harusi, na mshumaa unaowaka. Advansi akala.

Dogo anatumia GIMP, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis. Ndani yake kuna leya, yaani matabaka. Chukulia karatasi za nailoni zinazoonyesha zilizopangwa juu ya picha. Ya chini ina mandhari, inayofuata ina jina, ya juu ina moto.

Ujanja huu si wa kompyuta. Mwaka 1914 Mmarekani Earl Hurd aliomba haki ya ubunifu wa kuchora katuni juu ya karatasi angavu, ili mchoraji asirudie mandhari kila mara. Kinachocheza ndicho kinachochorwa upya, basi!

Dogo akachora ndimi tatu za moto: moja imelala kushoto, moja imesimama, moja imelala kulia. Akatoa faili la GIF. Lo! Mshumaa ukawa na ndimi tatu kwa mpigo, kama jiko la mchina.

Kosa lilikuwa dogo tu. Wakati wa kutoa GIF, programu inauliza: leya zirundikane, au kila moja ifute iliyotangulia? Kurundika kunafaa herufi zinazotokea moja moja. Kwa moto, chagua kufuta, lakini kila ulimi uwe umeunganishwa na nakala yake ya mandhari, la sivyo mshumaa utaelea hewani. Leya ya chini kabisa ndiyo inayoanza kuonekana. Muda wa kila picha hupimwa kwa milisekunde: 100 ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukiweka 1000, moto unasinzia.

Dogo akarekebisha, mshumaa ukawaka kweli kweli. Akaunganisha leya zote, akabaki na GIF peke yake, akalala usingizi wa pono.

Asubuhi mama kaingia kibandani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hili ndilo jina la binti yangu?"

Herufi "l" imekaa "r"! Kadi ilitakiwa kurushwa jioni ile ile.

Dogo akafungua GIF, akakuta jina limeshagandana na mandhari kwenye picha zote tatu. Tena GIF ina mwisho wa rangi 256, hivyo ua la waridi lilishapauka. Ikabidi aanze moja, kibanda kimejaa wateja wa fotokopi. Alimaliza magharibi, mama amenuna, na ile hela iliyobaki ikapunguzwa.

Sasa nyie washikaji mnaotaka kula kwa kazi hii, sikieni. Kabla hujaunganisha leya hata moja, hifadhi faili la XCF. Hilo ndilo la GIMP yenyewe, linatunza kila tabaka peke yake, na jina unalibadili kwa dakika mbili. GIF ni ya kumpa mteja, XCF ni ya kwako. Na kabla ya yote, mwambie mteja aandike jina kwa mkono wake mwenyewe.

Dogo siku hizi ana daftari la majina pale mezani. Kichenipati ilifana, na mama karudi na kazi ya harusi yenyewe.

Tuonane wiki ijayo, panapo majaaliwa!