Tunalilia farasi, na mutu je?

Mwezi uliopita tulikuwa ku kilio cha kamaradi mumoja aliyefunikwa na udongo. Wageni walifika na kamera. Wakamuomba mjane akae tena mbele ya nyumba, mutoto ku mugongo, juu mara ya kwanza jua halikuwa zuri. Akakaa. Hakuna aliyemuuliza bwana yake aliitwa nani, wala ile siku aliingia ku shimo saa ngapi. Foto ilitoka nzuri, yenye kuvuta machozi. Chini yake waliandika paka hivi: mjane wa mchimbaji.

Tangu pale tunabishana mu sendika. Bamoja banasema, waache dunia ilie, pengine msaada utakuja. Bengine wanataka kamera zifukuzwe, tuandike raporo tu. Sisi tunaona kila upande umeshika nusu.

Wenye walisoma sekondari wanakumbuka Germinal ya Zola. Ni hadithi ya kutunga, lakini mwandishi alienda kwanza Anzin, kaskazini ya Ufaransa, mwaka 1884, wakati wachimbaji wa makaa walikuwa wamegoma. Alishuka shimoni, akaandika aliyoyaona. Kitabu kilitoka 1885. Ndani kuna farasi anaitwa Bataille. Walimteremsha akiwa kijana, akazeeka mule gizani, na siku maji yanapoingia anakimbia mu njia za chini mpaka anakufa. Darasani tulilia juu ya ule farasi, sisi batoto wenye baba zetu walikuwa chini saa ileile. Kisha mwalimu akatusomea habari ya kweli: tarehe 10 machi 1906, kule kule kaskazini, mlipuko wa Courrières uliua watu 1099. Hakuna aliyelia. Tuliandika hesabu ku daftari, tukaenda kucheza.

Tulikuwa na roho mbaya? Hapana. Na farasi tulitembea kurasa nyingi, tulijua anatamani jua na majani. Wale 1099 walitufikia wote kwa mara moja, bila uso.

Lakini machozi ya hadithi nayo iko na hatari yake. Ukifunga kitabu unajisikia mutu mwema, na hakuna anayedaiwa kitu juu ya Bataille. Juu ya wafu wa Courrières kuna wenye walidaiwa, na wachimbaji waligoma ili kudai.

Hapa kwetu tuko na mambo hayo mawili ku ukuta mumoja. Desemba 1941, Elisabethville, basoda walipiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wamegoma. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa 1947, hakuona kitu kwa macho yake, lakini miaka ya 1970 alichora ile mauaji. Na nani hakuona Colonie belge mu saloni ya wazee? Mfungwa amelala chini, fimbo iko juu, bamama wanaangalia. Yule mfungwa pia hana jina. Tofauti na foto ya wageni ni hii: ile tablo tulinunua sisi wenyewe, na mzee alikaa chini yake, akaonyesha na kidole: hivi njo walimpiga muyomba wako fulani, juu ya kitu fulani. Jina lilitoka kwa mdomo wa nyumba.

Basi tumekata shauri. Kila mujumbe wa sendika anayeenda ku kilio atabeba daftari. Ataandika jina lote, shimo, saa, nani alituma watu washuke, na kama mbao za kushikilia udongo zilikuwapo. Hiyo ni ya ofisi na ya tribinali. Kisha ataweka kalamu chini, atauliza jamaa: mutu wenu alikuwa namna gani? Na atasikiliza bila haraka. Kamera ikija, jamaa watajibu wenyewe ndiyo ao hapana.

Kamaradi yetu alikuwa anatengeneza radio za majirani bila kulipisha. Radio ya mama mumoja ingali wazi ku meza yake, vis zimewekwa mu kifuniko cha chupa. Jina lake hatuandiki hapa, juu mjane ametuomba tungoje mpaka kampuni ijibu barua yake. Barua iko na wiki tatu. Jumamosi asubuhi tunarudi naye ku ofisi.