Makadeti wafunzwe kutokana na vita vyetu wenyewe

Mkazi wa Kwale hahitaji kuelezwa kwamba vita vimebadilika. Usiku wa Agosti 13, 1997, vijana waliolishwa viapo na kupewa mazoezi katika misitu ya Kwale, ukiwemo wa Kaya Bombo, walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua maafisa na kutoroka na bunduki. Hawakuvuka mpaka wa nchi yoyote. Kambi ya wanamaji ya Mtongwe iko papo hapo Likoni, lakini ukaribu huo haukuwazuia.

Siku hizi hotuba za mahafali ya makadeti hazikosi kutaja ugaidi, mashambulizi ya mitandao na droni. Ni sawa kuyataja. Lakini afisa hufunzwa kwanza na makosa ya waliomtangulia, na hayo ndiyo Wizara ya Ulinzi imeyafungia kabatini.

Juni 2015, Al-Shabaab waliiteka kambi ya wanajeshi wa Burundi huko Leego, Somalia. Septemba wakaiteka ya Waganda huko Janale. Mbinu ilikuwa moja: gari lililosheheni vilipuzi langoni alfajiri, kisha mamia ya wapiganaji. Januari 15, 2016, mbinu hiyo hiyo iliwaangamiza wanajeshi wetu wa Kenya katika kambi ya El Adde, pia Somalia. Mwaka mmoja baadaye ikarudiwa katika kambi yetu ya Kulbiyow. Nani alipuuza onyo la Leego na Janale? Hadi leo serikali haijatangaza hata idadi kamili ya waliouawa El Adde, na familia zilizozika zinastahili jibu.

Visingizio vya usalama wa taifa havitoshi. Baada ya uvamizi wa Al-Shabaab katika kambi ya Manda, Lamu, Januari 5, 2020, uliowaua Wamarekani watatu, Pentagon ilichunguza na Machi 2022 ikaeleza hadharani uzembe uliogunduliwa. Mkenya anaweza kusoma makosa ya Wamarekani yaliyotendeka katika ardhi yake. Ya jeshi lake hajaonyeshwa.

Kasoro ya pili iko mashinani. Vijana wa Ukunda na Msambweni walirubuniwa kwenda Somalia. Baadhi yao waliporejea waliuawa, na jamaa zao wakabaki wakiwaogopa magaidi na maafisa wa usalama kwa pamoja. Droni haiwezi kumshawishi mama wa kijana kama huyo azungumze. Vivyo hivyo, katika msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, karibu na Diani, hata mtalii hujifunga kaniki kabla ya kuingia msituni. Afisa atakayeingia huko na buti na mbwa bila kuwaona wazee ataondoka mikono mitupu, na safari ijayo hakuna atakayempasha habari. Kuelewana na wenyeji ni sehemu ya vita, na ifunzwe kwa uzito ule ule wa shabaha.

Kamati ya Bunge ya Ulinzi iitake Wizara itoe muhtasari wa uchunguzi wa El Adde, Kulbiyow na Manda, ikiondoa tu yanayoweza kumfaidi adui. Chuo cha kijeshi cha Lanet kiufanye muhtasari huo somo la lazima kabla ya kadeti kuapishwa. Kiwatumie pia wazee, viongozi wa dini na wanawake wa Kwale kama wakufunzi, na kiwalipe. Makamanda waliopuuza maonyo watajwe, na wasipewe nafasi ya kufunza wengine.