eSIM SI ALAMA YA MNYAMA
Anayekuambia eSIM ni 666, mwambie afungue Ufunuo 13. Alama ya pale iko mkono wa kulia au kwenye paji la uso, tena inaenda pamoja na kumsujudia mnyama. eSIM ni chipu iliyo ndani ya simu tayari. Unaskani msimbo wa QR, laini inaingia, kakadi ka plastiki unatoa. Nambari ni ile ile. Hapo umemsujudia nani?

Huduma Namba nayo iliitwa hivyo 2019. Mahakama Kuu ilipobatilisha kadi zake Oktoba 2021, hoja ilikuwa sheria ya ulinzi wa data, si joka. Wahubiri wenzangu, nani alirudi madhabahuni kueleza?

Mama wa Njoro anayeuza maziwa na kulipwa kwa M-Pesa haibiwi na mnyama. Anaibiwa na kijana anayepiga akijifanya wa huduma kwa wateja, anaomba PIN na nambari ya kitambulisho, kisha anahamisha laini. Juu ya huyo, mimbari zetu kimya!

Ukitaka kuhama, nenda dukani mwenyewe na kitambulisho. Msimbo wako wa QR usimtumie mtu, hata akijiita nabii.