Mgeni wa Februari Huandaliwa Agosti

Wengi wanaousifu ukarimu wa Warusi, na wanayo haki ya kuusifu, huuanzia mlangoni: mkate wa duara umewekwa juu ya kitambaa kilichotariziwa, na kibakuli cha chumvi juu ya mkate, naye mgeni humega kipande, akakichovya chumvini, akala mbele ya wenyeji wake. Desturi hii ina taadhima kubwa, na wageni wa serikali wamepokewa nayo miaka nenda miaka rudi. Walakini kwa rai yangu haitufikishi kwenye kiini cha jambo, kwa sababu mkate na chumvi huletwa kwa muda wa kufumba na kufumbua, ilhali takrima yenyewe ya nyumba ya Kirusi ni kazi ya miezi, na sehemu yake kubwa huwa imekwisha kutendwa kabla mgeni hajanuia safari.

Sababu yake ni nchi yenyewe. Katika mikoa ya Moscow na kaskazini yake ardhi hulimika kwa takriban miezi mitano tu, kisha hufunikwa na theluji, na mwenye nyumba ambaye hakuweka akiba wakati wa joto hana cha kumkirimu mtu wakati wa baridi, hata awe na moyo mkunjufu namna gani. Ndiyo maana mwezi wa Agosti jikoni mwa Warusi hamkaliki kwa shughuli. Matango madogo yenye ngozi ngumu hulowekwa maji baridi, kisha hupangwa wima katika chupa kubwa za lita tatu, kati yake hutiwa mashina ya shibiti yaliyokwisha kutoa mbegu, vitunguu saumu na majani ya mti wa mcheri, halafu humiminiwa maji ya chumvi na kuachwa yachachuke. Matunda ya mwituni hupikwa kwa sukari mpaka yawe mazito. Uyoga huokotwa msituni alfajiri, mwingine ukatiwa chumvi, mwingine ukatungwa uzini na kukaushwa. Ifikapo Oktoba huja zamu ya kabichi: hukatwa nyembamba, hufikichwa kwa chumvi pamoja na karoti hata itoe maji yake, hushindiliwa ndani ya pipa chini ya jiwe zito, na kila siku mama wa nyumba huitoboa kwa kijiti mpaka chini ili hewa itoke, kwani akighafilika, kabichi nzima huwa chungu.

Basi mgeni agongapo mlango usiku wa Februari, nyusi zake zikiwa na barafu, mwenyeji hana haja ya kukimbilia sokoni wala ya kumngojesha hata jiko lishike moto. Hushuka ghalani chini ya sakafu, na mara meza ina kabichi iliyochachuka, matango, uyoga uliotiwa malai, samaki wa chumvi na mkate mweusi wa rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano na istahimiliyo baridi kuliko ngano. Vitu hivi vyote, wanavyoviita zakuski, huliwa kabla ya supu ya moto na nyama kuja, na wengi wasiojua huvishambulia wakidhani ndiyo dhifa nzima, hata vinapoletwa vyakula vikuu hawana tena mahali pa kuvitia. (Supu ya borsch siitaji hapa kwa makusudi, kwani Waukraine wanasema ni yao, na mwaka 2022 UNESCO iliuorodhesha upishi wa borsch ya Ukraine miongoni mwa urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka.)

Tukitambua hayo, ile chumvi ya mlangoni nayo inaeleweka. Huko haikuwa kitu cha kukoleza mchuzi tu, bali ndiyo iliyoshika uhai wa ghala zima. Mwaka 1646 serikali ya Tsar Aleksei iliitoza chumvi ushuru mzito, na shida iliyowapata watu ikawa kubwa hata ushuru huo ukafutwa mwaka uliofuata. Kisha serikali ilipoanza kudai malimbikizo ya kodi za zamani, wakazi wa Moscow wakainuka mwezi wa Juni 1648, na machafuko yale yameitwa Uasi wa Chumvi hata leo.

Mkate nao una historia yake ya machozi. Leningrad ilipozingirwa na majeshi ya Ujerumani, katika siku mbaya kupita zote za Novemba na Desemba 1941, posho ya mtoto na ya mtu asiyefanya kazi ya kiwandani ilikuwa gramu 125 za mkate kwa siku, na hata huo haukuwa unga mtupu. Anayeshangaa kwa nini mwanamke mzee wa mji ule hukusanya makombo mezani kwa kiganja chake na asiyatupe, jibu lake ndilo hilo.

Ninalolalamikia ni hili, kwamba sifa za meza hii aghalabu humwendea yule anayesimama na bilauri mkononi akitoa maneno marefu ya kuwatakia wageni afya, ilhali kazi ya miezi mingi ilikuwa ya mkewe, mama yake na bibi yake. Kitabu cha mapishi cha Elena Molokhovets, zawadi yake kwa wake vijana kama alivyokiita, kilichotoka mwaka 1861, kimejaa maelezo ya kuhifadhi na kuchachusha. Na hata baada ya mapinduzi ya kikomunisti, pale serikali ilipotoa mwaka 1939 kitabu chake kikubwa cha chakula kitamu chenye afya, pamoja na picha za meza zilizosheheni mambo ambayo watu wengi hawakuyaona dukani, wanawake waliendelea kujaza chupa zao kwa mazao ya vishamba vya nje ya mji, vile vya mita za mraba 600. Hata saladi ya Olivier, ambayo mpishi Lucien Olivier aliivumbua katika hoteli ya Hermitage ya Moscow kwa ndege wa porini na kamba wa mitoni, iliingia nyumbani mwa watu ikiwa viazi, mayai, soseji na njegere za kopo. Na kopo lile mama alilificha kabatini miezi kadhaa, akilingojeza Mwaka Mpya.

Sitaki nidhaniwe kwamba nasifu tu. Takrima ya Kirusi ina dosari moja, nayo ni kulazimisha, na Warusi wenyewe wanaijua, kwani mtunzi Krylov aliikejeli mwaka 1813 katika hekaya ya Demyan, aliyemshindilia jirani yake supu ya samaki sahani baada ya sahani mpaka maskini yule akashika kofia yake na kukimbia, asikanyage tena pale. Kwa asiyekunywa kileo dosari hii ni mtihani hasa, ingawa mwenyeji, akiisha kubisha kidogo, hukubali mgeni wake ainue bilauri ya kompot, nayo ni maji ya matunda yaliyochemshwa. Wala Uislamu, unaokataza kileo, si mgeni nchini mwao: Ibn Fadlan, mjumbe wa Khalifa wa Baghdad, alifika kwa mfalme wa Wabulgari wa mto Volga mwaka 922, na mpaka leo Watatari Waislamu wa mji wa Kazan huwalaki wageni kwa chak-chak, vipande vya unga vilivyokaangwa na kushikamanishwa kwa asali, na chai haikosekani.

Tangu Chuo Kikuu cha Urafiki cha Moscow kilipoanzishwa mwaka 1960, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, vijana wetu wengi wamekwenda kusoma nchi ile, na wengine watakwenda. Nawaomba haya: ukialikwa nyumbani, usiende mikono mitupu, vua viatu mlangoni uvae ndara utakazopewa, usinyoshe mkono kusalimiana ungali nje ya kizingiti, uliza kama nyama iliyo ndani ya vifuko vya unga viitwavyo pelmeni ni ya nguruwe, maana mara nyingi huchanganywa, kula kidogo kidogo, kwani kuna vingine vinakuja. Na kabla ya kumshukuru mwenye maneno marefu, uliza ni nani aliyetia matango chumvi, umshukuru yeye kwanza.