Alikunywa Chanjo na Bado Akaugua?



Kila inapotajwa chanjo ya kunywa ya kipindupindu, hapa mwambao wa Tanganyika hakosekani wa kusema: "Fulani alikunywa na bado akaugua. Chanjo gani hiyo?" Hatulicheki swali hilo. Sisi wa Kabonga hatujasahau mwaka 2015, ndugu zetu walipokimbia kwa maelfu wakajazana Kagunga, ng'ambo ya mpaka, na kipindupindu kikawakuta hukohuko.

Lakini mgonjwa mmoja hawezi kuwa mizani ya chanjo. Tuangalie Uvira, juu ya ziwa hilihili. Watu walichanjwa mwaka 2020, kisha watafiti wakafuatilia. Aliyefika kituo cha matibabu na maabara ikathibitisha kuwa ni kipindupindu, aliulizwa kama alikunywa chanjo. Wakaulizwa pia watu wa mtaa wake wasiougua, wa umri kama wake. Ikaonekana kuwa dozi moja tu, baada ya mwaka na zaidi, ilipunguza hatari kwa takriban nusu. Mwaka wa tatu kinga ilikuwa bado ipo, ila imeshuka.

Nusu maana yake nini? Mahali ambapo wangeugua 100, wataugua kama 50. Basi yule "fulani" ni miongoni mwa hao 50, na si mwongo. Wale 50 wengine hatuwaoni, kwani nani huja msikitini kutangaza kuwa hakuugua?

Zanzibar walipata zaidi. Mwaka 2009 watu wa baadhi ya shehia za Unguja na Pemba walipewa dozi mbili, na karibu nusu ya waliostahili wakazimaliza. Kinga kwa waliochanjwa ilifika asilimia 79. Na hata wasiokunywa, waliokaa katikati ya majirani wengi waliochanjwa, waliugua kidogo kuliko wenzao waliokaa penye wachache. Hapo ndipo tunapowaambia akina baba wanaosema "mimi sina haja": dozi yako inamkinga pia mtoto wa jirani. Na watoto wa chini ya miaka 5 ndio ambao chanjo yenyewe huwakinga kidogo zaidi.

Tangu Oktoba 2022, kwa uhaba wa chanjo duniani, penye mlipuko iliamuliwa itolewe dozi moja badala ya mbili. Kwa hiyo hesabu ya Uvira inatuhusu sana. Dozi moja ni nusu ya ngao, na maji ya ziwa tunayoyanywa, na hata tunayosukutua wakati wa udhu, yanahitaji kuchemshwa au kutiwa dawa vilevile.

Tuna ombi moja kwa kina mama, maana ndio watunzaji wa makaratasi ya nyumba. Chanjo ikifika kwenu, kadi isifungiwe karanga. Wekeni pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Aliyechanjwa akiugua, aende nayo kituoni na aseme wazi kuwa alikunywa, bila kuona haya.