Vidonge vya kiungulia visikupokonye madini mwilini

Huenda nawe ni miongoni mwa wale wasiotoka nyumbani bila vidonge vya kutuliza tumbo. Kifua kikianza kukuwaka baada ya mlo, unameza kimoja na kuendelea na shughuli zako. Vikiisha, unapitia duka la dawa kununua vingine. Hivyo ndivyo wiki hugeuka miezi, na miezi miaka.

Dawa ninayoizungumzia ni omeprazoli, iliyoingia sokoni mwaka wa 1988, pamoja na nduguze kama esomeprazoli na pantoprazoli. Kazi yake ni kupunguza asidi inayotengenezwa tumboni, nayo imewafaa sana wagonjwa wa vidonda vya tumbo. Taabu huanza mtu anapoimeza mwaka nenda mwaka rudi bila kumwona daktari.

Asidi hiyo ina manufaa yake. Huua vijidudu vinavyoingia na chakula, na husaidia mwili kufyonza madini ya chuma, hasa yale yatokayo kwenye mboga na nafaka. Hivyo basi, mama ambaye chakula chake ni ugali, maharagwe na sukuma wiki, na ambaye hupoteza damu kila mwezi, anaweza kupungukiwa na damu iwapo asidi yake itazuiwa kwa muda mrefu.

Hata hivyo, kuna madini mengine ambayo wengi hawayafikirii, nayo ni magnesi. Mnamo Machi 2011, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa dawa ilionya kwamba dawa za jamii hii zaweza kushusha kiwango cha magnesi katika damu. Wengi wa walioathiriwa walikuwa wamezitumia kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kwa kiasi cha mgonjwa mmoja kati ya wanne, kuongezewa magnesi pekee hakukufaa kitu. Ilibidi dawa yenyewe isimamishwe.

Magnesi huwezesha misuli, mishipa ya fahamu na moyo kufanya kazi ipasavyo. Ikipungua sana, kalsiamu na potasiamu nazo zaweza kushuka. Mtu huhisi uchovu, misuli hukaza au kutetemeka, na moyo hupiga ovyo. Hali ikizidi, anaweza kupatwa na kifafa. Ubaya ni kwamba dalili za mwanzo hudhaniwa kuwa uchovu wa kazi au uzee tu. Aidha, hatari ni kubwa zaidi kwa wanaotumia dawa za kuongeza mkojo, ambazo hupewa wagonjwa wengi wa presha na wa moyo.

Je, ufanye nini? Kwanza, usivitupe vidonge vyako leo. Ukiviacha ghafla baada ya kuvitumia kwa miezi mingi, asidi yaweza kurudi kwa kishindo. Tena wapo wanaovihitaji kwa muda mrefu, kama vile waliowahi kutokwa na damu tumboni.

Nenda kwa daktari ukiwa na dawa zako zote, umweleze umezitumia kwa muda gani. Muulize iwapo bado unavihitaji vidonge hivyo, na kama kipimo chaweza kupunguzwa. Muulize pia kama unapaswa kupimwa magnesi, kwani mara nyingi haimo katika vipimo vya kawaida vya damu. Ikiwa una vidonda, uliza kama umepimwa kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori, ambacho ndicho chanzo cha vidonda vingi. Hicho hutibiwa kwa antibiotiki, mara nyingi kwa siku 14, na huenda ukaacha kabisa kununua vidonge kila mwezi.

Na ukianza kukazwa na misuli au moyo kwenda ovyo, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali mara moja.