Mtu wa Tatu wa Porsche

Wapenzi wa magari wa Nairobi huwa wananishangaza. Mtu atakwambia injini ya Porsche 911 inakaa nyuma. Atakwambia Vic Preston Jr. alimaliza wa pili na hiyo gari kwenye Safari Rally ya 1978. Sasa muulize Adolf Rosenberger ni nani. Kimya.

Kampuni ilisajiliwa Stuttgart mwaka 1931 na watu watatu, si mmoja: Ferdinand Porsche akiwa na asilimia 80, mkwewe Anton Piëch 10, na Rosenberger 10. Rosenberger alikuwa dereva wa mashindano, na pesa zake ndizo zilizoiweka kampuni hai mwanzoni. Alikuwa Myahudi pia. Mwaka 1935 hisa zake zilihamishwa kwa thamani yake ya karatasi tu, kana kwamba miaka minne ya kazi haikuzaa hata senti. Zikaenda kwa nani? Kwa Ferry, mtoto wa Porsche. Mwaka huohuo Rosenberger akakamatwa na kufungwa katika kambi ya Kislau.

Najua jibu linalokuja: ah, zama zilikuwa hivyo, nani angekataa? Hainiingii. Kunyamaza kwa woga ni jambo moja. Kuchukua mali ya mwenzako kwa bei ya kutupa wakati serikali inamwinda ni jambo lingine kabisa, hata kama makaratasi yako sawa.

Na haikuishia ofisini. Kiwanda cha Volkswagen, kilichokuwa mikononi mwa Porsche na Piëch wakati wa vita, kilitumia watu kama 20,000 waliolazimishwa kufanya kazi, wengine wakitolewa kambi za mateso. Wanawake wa Poland na Usovieti waliojifungua huko walinyang'anywa watoto, wakapelekwa kituo cha Rühen. Watoto zaidi ya 300 walikufa. Wachanga, jameni.

Ferry, ambaye jina lake liko kwenye historia kama fundi mpole, alidai kwamba cheo chake cha SS kilikuwa cha heshima tu, alichopewa na Himmler bila kuomba. Mwaka 2022 mwandishi David de Jong alieleza kwamba nyaraka zinaonyesha aliomba mwenyewe, mwaka 1938. Sasa huyo ndiye tuliyeachiwa atusimulie kampuni ilivyoanza! Ndiyo maana wengi tunaijua kama hadithi ya baba na mwana.

Endesha gari lako, bana, mimi sina ugomvi na chuma. Ugomvi wangu ni na hiyo hadithi ya watu wawili.

Baada ya vita Rosenberger alidai haki yake. Mwaka 1950 kesi ikamalizwa kwa maelewano: marki 50,000 na gari moja. Gari moja! Alifariki Los Angeles mwaka 1967, akiitwa Alan Robert. Wakati huo 911 ilikuwa na miaka mitatu barabarani.